Mashine Inayosusa

Jumatatu, 3 Juni

Bi Fundi, mke mwenza wa bibi yako,

Tangu nizaliwe hakuna swichi ya presha iliyowahi kunishinda. Zilikuwa zikiniona naingia na begi la vifaa, zenyewe zinakaa sawa kwa heshima.

Haya, nimeshajisifu, sasa nipunguze, maana bibi yako anasoma juu ya bega langu na ameanza kuguna. Ipo moja iliyonishinda. Ilikuwa kwenye kiwanda cha barafu, enzi za meno yangu. Kila nikianza kazi, mashine inachemka na swichi inaikata. Nikivaa koti langu kwenda ofisini kulalamika, nyuma yangu wanaibonyeza, inanguruma kama haijawahi kuumwa. Nikabadilisha swichi. Nikamtukana aliyeitengeneza, na mama yake, na shule aliyosomea. Siku moja joto likazidi nikaja bila koti, na mashine ikafanya kazi mpaka jioni. Ndipo nikakumbuka kwamba koti huwa nalitundika kwenye wavu wa feni. Feni maskini ilikuwa inavuta koti badala ya hewa. Toka siku hiyo nina somo moja kubwa la maisha: feni iachwe ipumue. Angalia feni yako.

Kikaratasi chako amenipa dereva wa lori la maziwa. Maneno matatu tu: "Swichi inakata, Babu." Hivyo ndivyo mnavyofundishwa chuoni? Mgonjwa akimwambia daktari "naumwa", daktari atampa nini, pole? Nataka barua ndefu. Simu usinipigie, masikio yangu yaliliwa na kompresa zamani, yaliyobaki ni ya kutundikia miwani. Lori linapita hapa kila siku, lina nafasi ya karatasi.

Dereva lakini ana mdomo. Ameniambia maziwa yalimwagwa. Je, ni kweli? Na swichi inayokata ni ya presha ya juu au ya chini? Inakata saa ngapi, na nani anakuwepo?

Bibi yako ameuliza swichi ya presha ni kitu gani hasa, miaka yote hii hakuwahi kuuliza, nadhani anakupenda wewe kuliko mimi. Nimemwambia ni mlinzi wa getini. Anasikiliza gesi inavyosukuma ndani ya mrija wake mwembamba. Wa presha ya juu anaizima mashine gesi ikisukuma mno; wa presha ya chini, gesi ikipungua mno, anaizima kabla haijajiua kwa kukimbia tupu. Amesema kumbe mlinzi huyo ana akili kuliko walinzi wote anaowajua.

Anakusalimu. Anasema lile kopo la plastiki la asali ulilotuletea likizo bado halijafunguka, tunakunywa chai kama wafungwa.

Babu yako,
Mzee Masikio ya Mapambo


Jumatano, 5 Juni

Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi.

Feni nimeiangalia. Hakuna koti, hakuna vumbi, inapumua vizuri kuliko mimi.

Ni kweli maziwa yalimwagwa. Sikuandika kwa sababu sikutaka kuona maneno hayo kwenye karatasi. Hapa kituoni wafugaji wanaleta maziwa asubuhi, yanapimwa, yanaingia kwenye tanki kubwa la chuma, mashine inayapoza mpaka lori, ambalo hupita asubuhi likienda, lirudi kuyachukua jioni. Alhamisi iliyopita nilitoka mchana kwenda kununua nati. Niliporudi, mashine ilikuwa imesimama na maziwa yameanza kunuka. Tuliyamwaga yote kwenye mtaro. Wafugaji walikuwa wamesimama na ndoo zao. Mama mmoja, ana ng'ombe mmoja tu, hakunilaumu. Alisema, "Ng'ombe wangu hajui kama mmemwaga." Basi. Akaondoka.

Swichi ni ya presha ya chini. Inadhani gesi imekwisha, kwa hiyo inakata. Mimi nikifunga geji ya kupimia presha, gesi ipo, presha ni nzuri, na mashine inaamka yenyewe. Nimeshabadilisha swichi mara mbili. Iliyopo sasa ni ya tatu, mpya kutoka kwenye boksi, na jana imekata.

Meneja si mtu mbaya. Lakini amesema neno ambalo halinitoki kichwani, kwamba kabla sijaja mashine haikuwa na tabia hii. Majaribio yangu ya kazi yanaisha Jumamosi ya tarehe 15. Siku hiyo, kama bado inakata, atamwita fundi mwingine, na mimi nitafungasha.

Babu, ninazijua mashine. Nilikuwa wa pili darasani. Sasa naogopa kuingia kwenye chumba cha tanki kama mtu anayeogopa mbwa wake mwenyewe.

Pole kwa chai.

Mjukuu wako


Ijumaa, 7 Juni

Bi Fundi,

Kwanza, bahasha igundishe. Dereva ameisoma barua yako yote kabla yangu na amenipa maoni yake pale mlangoni, anasema ni gesi inavuja. Nimemwambia yeye aendeshe lori. Halafu nimekaa nikafikiri, na nadhani ni gesi inavuja. Usimwambie.

Chukua sabuni ya unga, ikoroge iwe na povu, paka kwenye kila nati na kila kiungo. Mahali gesi inapotoka povu litakuonyesha, halina aibu.

Kama si gesi, basi ni unyevu. Tone la maji likiingia kwenye mfumo linaganda pale penye tundu jembamba, gesi haipiti, presha inashuka, swichi inakata. Mashine ikilala kidogo, barafu inayeyuka, unakuja wewe na geji yako, kila kitu kizuri, unaonekana mwendawazimu. Badilisha chujio.

Tatu, hizo swichi mbili ulizozing'oa, usizitupe. Tafuta pampu ya baiskeli. Unganisha pampu, geji na swichi kwa mpira, na mita yako ya umeme kwenye nyaya za swichi. Pampu hewa polepole, uone inawasha kwenye presha gani, kisha achia polepole uone inakata wapi. Swichi mbovu itababaika. Swichi nzima itakujibu vile vile kila ukiuliza, kama bibi yako nikimuuliza kama nimezeeka.

Nne, na hili nalisema nimevua kofia: usifunge waya. Najua mafundi. Swichi ikiwasumbua wanaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, ili mashine ifanye kazi bila kumsikiliza mlinzi. Hiyo si kutengeneza. Hiyo ni kumziba mlinzi mdomo kwa soksi, halafu unalala ukisema mtaa umetulia.

Kopo tumelitia kwenye maji ya moto. Halijali.

Babu


Jumapili, 9 Juni

Shikamoo Babu.

Sabuni nimepaka kila mahali mashine ikiwa imesimama. Hakuna povu. Chujio nimebadilisha. Pampu nimeazima kwa fundi baiskeli, swichi zote mbili za zamani ni nzima kabisa, zinawasha na kukata palepale kila mara.

Toka jana mashine inafanya kazi vizuri. Haijakata hata mara moja. Usiwe na wasiwasi.

Salamu kwa Bibi.

Mjukuu wako


Jumatatu, 10 Juni

Bi Fundi,

Barua yako ya kwanza ilikuwa na maneno matatu, ya pili ilikuwa ndefu na ilitoka moyoni, ya tatu ni fupi na inaniambia nisiwe na wasiwasi. Nimeishi na bibi yako miaka mingi. Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi natafuta viatu.

Mashine iliyopona bila dawa, ama haikuwa inaumwa, ama imefungwa mdomo. Umefunga waya.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu, lakini kidogo. Hebu sikia. Waya ukiwa umefungwa, na gesi ikaisha kweli, kompresa, moyo wa mashine unaosukuma gesi, itazunguka tupu, mafuta hayarudi, inajipasha moto mpaka inajishika. Hapo hutamwaga maziwa ya siku moja. Utamwaga kituo kizima, na yule mama mwenye ng'ombe mmoja atatembea na ndoo yake mpaka mahali ambapo hata mimi sipajui.

Utoe leo. Lakini kabla hujautoa, na hapa sasa ndipo ninapokuwa mtu mbaya, nina swali linalonila. Huo muda wote waya ulipokuwepo, geji ilisema nini? Maana najua ulikaa ukiitazama. Wewe ni mjukuu wangu, ukifanya dhambi unaikalia.

Dereva anasema bahasha ya safari hii imegundishwa hata yeye ameshindwa. Anakusifu.

Babu


Jumanne, 11 Juni

Babu,

Shikamoo, na samahani. Nilifunga waya Jumamosi asubuhi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya geji, mkono karibu na swichi kuu, mpaka lori likaja. Jumapili vile vile. Nilimwomba yule mama wa ng'ombe mmoja akae badala yangu nikaenda kujisaidia, nikamwambia mshale ukishuka chini ya mstari huu wa kalamu nyekundu, apige kelele. Alikaa kama anakamua, hakupepesa macho.

Mshale haukushuka. Siku zote mbili presha ilikuwa pale pale, nzuri kabisa. Gesi ipo, Babu. Haikupungua hata kidogo.

Jana nimeutoa waya nilipopata barua yako. Nikapima, nikafunga kila kitu vizuri, nikafuta sakafu, nikaenda kula. Nimerudi imesimama. Bahati nzuri maziwa yalikuwa bado baridi.

Kuna jambo sikukuandikia kwa sababu ni la kipuuzi. Kina mama wanaosubiri kwenye benchi wanasema mashine inanipenda. Nikiwa nayo, inafanya kazi. Nikiondoka, inasusa. Nikirudi, nikaishika, inaacha kususa. Wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini nimeanza kuhesabu kichwani na ni kweli. Haijawahi kukata nikiwa chumbani. Hata mara moja.

Meneja ameshampigia yule fundi mwingine. Atakuja Jumamosi asubuhi.

Mjukuu wako


Jumatano, 12 Juni

Bi Fundi,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikainuka, nikazunguka nyumba. Bibi yako akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Jambo la kipuuzi ndilo ulilotakiwa kuliandika la kwanza kabisa. Wasomi mna tabia ya kuficha vitu vizuri kwa sababu havina hadhi. Mashine inasusa! Hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote ulivyonitumia, na umekipata kwenye benchi.

Sasa tufikiri pamoja, mimi na wewe, na dereva kama amepata kisu cha kufungulia bahasha. Swichi tatu zimesema gesi imekwisha. Gesi haijaisha. Lakini mbili kati yao umezipima kwa pampu, si waongo. Mashahidi watatu wanaojua kusema kweli, wakisema uongo ule ule, basi si waongo. Wamedanganywa. Na aliyewadanganya ni mmoja, naye amekaa kati ya kompresa na swichi. Mlinzi haoni gesi, anaona tu kile kinachomfikia kwenye mrija wake. Kuna mtu anamletea habari za zamani.

Huyo mtu sijui ni nani. Nakiri. Nimelala juu ya swali hili kama kuku juu ya yai la mpira.

Fanya hivi. Kaa chini uniandikie kila kitu ambacho mikono yako inafanya, kuanzia unapoingia chumbani na kuikuta imesimama, mpaka unapotoka. Usiniandikie unachofikiri, niandikie mikono tu. Hata ukijikuna, andika.

Kopo tumempelekea fundi wa kuchomelea. Amelibana kwenye jiliwa, kopo limebonyea, kifuniko kimekaa. Ametuuliza limefungwa na nani.

Babu


Alhamisi, 13 Juni, asubuhi

Shikamoo Babu.

Haya, mikono tu.

Naingia. Natundika mkoba kwenye msumari, si kwenye feni. Mashine imesimama. Natoa kifuniko cha tundu la geji pale kwenye valvu ya kompresa, penye kiungo cha njia mbili, huku geji na huku mrija wa swichi. Nafunga geji. Nachukua spana, nazungusha shina la valvu, kile kijiti chake cha kufungulia na kufungia, kidogo kwenda mbele, ili gesi ipite ifike kwenye geji. Mshale unapanda. Swichi inalia ta, kompresa inanguruma. Nasoma presha, nzuri. Nasubiri, bado nzuri. Nakuna kichwa, umesema niandike. Nimeridhika. Nachukua spana, narudisha shina la valvu nyuma mpaka mwisho na kulikaza, ili gesi isivuje nikitoa geji. Natoa geji. Narudisha kifuniko, nakaza. Nafuta mafuta kwa kitambaa, nafunga

Utaniwia radhi kwa sentensi hiyo hapo juu. Nimeiacha nikakimbia. Sasa nimerudi, mikono yangu ina sabuni, ndiyo maana karatasi imelowa.

Babu, mrija wa swichi uko kwenye njia ile ile ya geji. Nikirudisha shina mpaka mwisho, sizibi geji peke yake. Naziba na swichi. Nafunga mlango na mlinzi yuko nje. Anabaki na gesi kidogo niliyomfungia ndani ya mrija wake, anaisikiliza hiyo, anadhani ndiyo mashine nzima. Na nati ya mrija ule inavuja kidogo sana. Leo nimepaka sabuni valvu ikiwa wazi, na nimeliona povu moja, likakua polepole, likapasuka, likaja jingine. Mwanzo sikuliona kwa sababu nilipaka mashine ikiwa imesimama, gesi ya mrijani imeshakwisha, kitu cha kutoa povu hakipo.

Kwa hiyo kila nikiondoka, ile gesi ya mrijani inavuja taratibu mpaka swichi inakata. Nikirudi na geji yangu nafungua njia, gesi inaingia, swichi inafurahi. Halafu nasafisha, nakaza vizuri, naua tena. Hata siku za waya, bila waya mashine isingekata, maana niliiacha valvu wazi ili niitazame geji.

Meneja alisema kweli. Kabla sijaja haikuwa na tabia hii. Siku yangu ya kwanza hapa niliipima mashine ili niijue, na nikaifunga vizuri.

Nimekaza ile nati. Shina nimeliacha wazi nusu mzunguko. Sasa natoka, nakwenda kukaa kwenye benchi na kina mama, nisikilize.

Mjukuu wako


Alhamisi, 13 Juni, mchana

Bi Fundi,

Acha kila kitu, usiguse mashine kabla hujasoma. Nimeijua.

Bibi yako alikuwa ameshika kopo la asali leo, amelitia kwenye bawaba ya mlango anasukuma na goti, na mimi nimekaa namcheka, naye akasema, "Mtoto huyu akifunga kitu, kimefungwa." Akaanza kunikumbusha bomba la uani ulilolifunga ukiwa wa shule ya msingi mpaka tukaita fundi kulikata. Na dawa ya kikohozi. Na ule mlango wa kabati ambao mpaka leo tunauita ukuta. Hapo kicheko kikanikauka. Nikajiuliza, huyu mtoto kituoni anafunga nini?

Shina la valvu. Unalirudisha nyuma mpaka mwisho, sivyo? Njia ya geji inazibwa, na kama mrija wa swichi umeungwa hapohapo, inazibwa pamoja nayo. Liache wazi kidogo.

Sasa nikupe shauri la mzee asiye na adabu. Hakuna anayejua. Hiyo swichi ya tatu itoe, weka ya nne, mwambie meneja zile zote zilikuwa mbovu kutoka dukani. Mashine itafanya kazi, yule fundi wa Jumamosi atarudi kwao, utapewa kazi. Mimi ningefanya hivyo bila kupepesa. Bibi yako ananitazama vibaya.

Babu

Baadaye: Lori limefika na barua yako ya asubuhi. Nimeisoma nimesimama barabarani. Umenitangulia kwa kipimo cha chakula cha mchana, na ile sentensi uliyoiacha katikati ndiyo nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Dereva anataka kujua ikawaje kwenye benchi. Na mimi.


Jumamosi, 15 Juni

Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi, na usimtazame vibaya sana, anatania.

Kwenye benchi nilikaa mpaka makalio yakafa ganzi. Haikususa. Ijumaa nilikaa nje ya geti kabisa. Haikususa.

Shauri lako nililisoma mara mbili. Nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria. Jana jioni nilikuwa na swichi mpya mkononi, boksi limefunguliwa, na meneja alikuwa anakuja na funguo zake. Ningeweza. Yule mama mwenye ng'ombe mmoja alikuwa anasuuza ndoo bombani, na nilikumbuka alivyokaa anautazama mshale wangu bila kuniuliza ni wa nini. Nikairudisha swichi kwenye boksi.

Nilimwonyesha meneja kila kitu, shina, mrija, nati. Nikamwambia mikono ilikuwa yangu. Akainama, akaigusa nati. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mashine ni nzima?"

Nzima.

"Na swichi?"

Zote tatu.

"Na mbovu ilikuwa nini?"

Nikamwambia, "Fundi. Huyo ndiye tuliyemtengeneza wiki hii."

Hakucheka, lakini alitazama pembeni. Amempigia yule mwingine asije. Kazi bado hajanipa, ameniongezea mwezi mmoja wa majaribio, na amesema zile swichi mbili nzima ziwekwe stoo ziwe za akiba. Nimefunga kibati kwenye valvu nikaandika kwa rangi nyekundu: USIKAZE. Nimekiandika kwa ajili yangu.

Yule mama aliomba aone. Nikamweleza. Akafikiri, akasema ni kama kumfunga ndama mbali na mama yake halafu ukashangaa kwa nini hashibi. Babu, chuoni walinichorea valvu hiyo kwa mihula miwili na hawakuwahi kusema hivyo.

Asante kwa kuniambia niandike mikono.

Mjukuu wako


Jumatatu, 17 Juni

Bi Fundi,

Nilijua tangu mwanzo.

Bibi yako ameniondolea kalamu mkononi, akanirudishia kwa sharti nifute. Sifuti, ila naongeza: nilijua bila kujua. Katika barua ya kwanza kabisa nilikuandikia kisa cha koti, kwamba mgonjwa alikuwa fundi. Nikakupa na somo lake, feni iachwe ipumue. Somo lenyewe nililibeba miaka yote kichwa chini miguu juu, kama mtu anayebeba mwavuli kwa kitambaa chake. Umeligeuza wewe, kwa kalamu, katikati ya sentensi.

Mwezi mmoja si mbaya. Mimi nilifanywa wa majaribio na bibi yako na sijapewa barua ya kuajiriwa mpaka leo.

Kwamba hukufuata shauri langu, nimeudhika kidogo na nimelala vizuri sana. Mambo haya mawili yametokea usiku mmoja, usiniulize yanakaaje pamoja. Dereva amesimulia kisa chako vituo vyote, na kwake yeye ndiye aliyegundua. Muache. Gesi alisema inavuja, na ilikuwa inavuja kweli, povu moja.

Sasa, tumesaidiana vya kutosha, na kuna kitu unachodaiwa hapa nyumbani. Si kikubwa. Kopo la asali liko mezani mbele yangu, limebonyea ubavu, lina alama za meno ya jiliwa na za bawaba, na moja ya meno yangu mimi, ambayo sitaki kuizungumzia. Asali ndani inaonekana. Tunaitazama kama watu walio nje ya dirisha la duka. Hapa duniani kuna mkono mmoja tu unaoweza kulifungua, nao ndio uliolifunga.

Jumapili ukipata nafasi, panda lori na dereva, uje. Ufungue.

Na ukishafungua, mwanangu, tafadhali, kifuniko nipe mimi.

Babu yako